Kisiwa Kisichokuwa na Mto

Daladala ya Bububu ikishaipita Maruhubi, utingo hugonga bati na kuita "Mtoni!", na watu wawili watatu hushuka na vikapu vyao. Upande wa bahari yamesimama magofu ya kasri ya Seyyid Said, kasri kongwe kuliko zote walizokaa masultani wa Unguja. Humo ndimo alimozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, mtoto wa kifalme aliyekuja kuishi Ujerumani na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Barabara inayopita hapo ndiyo hiyo hiyo inayowapeleka wageni Nungwi na Kendwa. Magari yao hupita tangu asubuhi, vioo vimefungwa, viyoyozi vinafanya kazi. Machache husimama, abiria wakashuka, wakapiga picha ya kuta zilizoliwa na chumvi, wakaondoka.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni 736,755. Sisi tunaokaa kando ya barabara hii tunaujua utalii vizuri, ila kwa upande wa kutazamwa. Tunawajua mapapasi, wale vijana wanaowaandama wageni, na misemo yao ya Kitaliano, tunajua bei ya samaki inavyopanda msimu ukifika, tunajua kwamba kijana wetu akisimama ufukweni Kendwa saa mbaya ataulizwa anafanya nini pale. Tusichokijua, wengi wetu, ni safari ya kwenda kwa watu wengine bila haja ya biashara, masomo, matibabu wala Hija. Kwenda kutembea tu. Na ukiniuliza mtu wa Unguja aanzie wapi, nitampeleka mahali ambapo watalii karibu hawaendi, na ambapo yeye ana damu huko bila kujua: Ngazija.

Jina rasmi ni Muungano wa Komoro. Wazee wetu walivizoea visiwa vyote kwa jina la kile kikubwa, na humu nitafuata mtindo wao pale itakapobidi. Vipo vinne: Ngazija, Ndzuwani, Mwali na Maore. Vitatu vya kwanza vilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Maore kilibaki chini ya Ufaransa, na mpaka leo bendera yake ni ya Paris. Kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa ndege wa Hahaya ni kadiri ya kilomita 700, safari fupi kuliko ya kwenda Mwanza. Hata hivyo utakuta Mzanzibari aliyefika Guangzhou na Dubai mara kadhaa, na Moroni hajaifikiria hata siku moja.

Sababu za kutofikika kwake zinajulikana. Tangu uhuru visiwa hivi vimepata mapinduzi na majaribio ya mapinduzi zaidi ya 20. Mwezi mmoja baada ya uhuru rais wa kwanza, Ahmed Abdallah, alikwishapinduliwa. Mamluki wa Kifaransa Bob Denard aliingia na kutoka kama mwenye nyumba. Ndzuwani ilijitenga mwaka 1997, na Machi 2008 ilirudishwa kwa nguvu na jeshi la Umoja wa Afrika ambalo ndani yake walikuwamo askari wa Tanzania. Kwa vijana wengi wa kwetu hiyo ndiyo habari pekee ya Komoro waliyowahi kuisikia redioni. Hoteli kubwa ya Galawa, karibu na Mitsamihuli, ilijengwa kwa mtaji wa Afrika Kusini ili ilete watalii wa ufukweni. Mbele yake hasa, Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta na kuanguka baharini. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, na waliookolewa walivutwa majini na wavuvi, wanakijiji na wageni wa hoteli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hoteli yenyewe ikafungwa.

Basi hakuna papasi Hahaya. Ndani ya ndege utakaa na kinamama wafanyabiashara waliotoka Kariakoo na mafurushi yao, na wagonjwa wanaorudi kutoka hospitali za Dar es Salaam wakishikwa mkono na ndugu. Chini, unapotua, ardhi ni nyeusi. Kisiwa kizima kimetapikwa na volkano, na iliyo kubwa ni mlima Karthala, volkano hai yenye urefu wa mita 2,361, na barabara ya kuelekea Moroni inapita juu ya mito ya mawe yaliyowahi kuwa moto mpaka ikafika baharini. Nazi zimeota juu ya mawe hayo. Kuta za mashamba ni za mawe hayo. Mwaka 1977 sehemu ya kijiji cha Singani ilifunikwa nayo.

Mito ya mawe, nimesema, kwa sababu mto wa maji haupo. Mvua Ngazija ni kubwa, lakini jiwe la volkano limejaa matundu na maji hupotea chini papo hapo. Mtu aliyekulia Mtoni, alikojengwa kasri kwa sababu ya kijito cha maji baridi kilichotiririka mpaka baharini, hushikwa na mshangao akielezwa jambo hili, na huendelea kushangaa kila asubuhi anapokoga. Katika nyumba niliyopokelewa, mjini Itsandraa, paa zima la bati liliinamishiwa birika la saruji lililojengwa ubavuni mwa jiko. Juu yake kitambaa cha kuchuja kimefungwa kwa kamba ya mpira, na kando kata ya kopo yenye mpini wa mti. Mwenyeji wangu, mama wa makamo, alijua kwa kugonga ukuta wa birika kwa kifundo cha kidole maji yamefika wapi. Aligonga mara tatu, kutoka juu kwenda chini, akasikiliza, kisha akaniambia, "Leo koga vizuri, mwanangu. Kesho tutaangalia." Sikuambiwa niokoe maji. Nilipoona watoto wa nyumba wanaosha nyuso kwa kiganja kimoja, niliona hakuna haja ya kuambiwa.

Nasema nimepokelewa kwa sababu ndivyo safari ya huko inavyokwenda. Moroni nyumba za wageni zipo, na mtu asiye na mwenyeji hatalala nje. Lakini nchi isiyopokea watalii wengi haijakutengenezea mlango wa kuingilia. Hakuna ziara ya viungo, hakuna mtu aliyepangiwa kukueleza. Kila unachokiona unakiona kwa sababu mtu fulani amekukubalia kukiona. Kwa hiyo kabla hujaondoka Unguja unatafuta mtu. Si kazi ngumu, maana Wangazija wa Unguja ni wengi, kutoka Malindi hadi Kikwajuni, na ukishasema unakwenda, utapewa jina la shangazi, mzigo wa kumpelekea, na namba ya simu. Ule mzigo ndio pasipoti yako ya kweli. Mimi nilipewa kanga na boksi la dawa, na kwa kanga zile milango mitatu ilifunguka.

Nyumba ya Ngazija ni ya mwanamke. Hili halikuandikwa katika sheria za serikali tu. Ndio mwili wa jamii. Binti anajengewa nyumba na wazazi wake, mume huja kukaa kwake, na mali ya ukoo inayoitwa manyahuli hupita kwa mama kwenda kwa binti. Waislamu wa madhehebu yetu hasa ya Shafi, wenye mahafali ya maulidi yaliyofanana na ya kwetu, wamelishika jambo hili kwa karne nyingi na hawaoni mgongano. Mwenyeji wangu alinionyesha chumba cha mbele alichokirithi, makochi yenye mashuka meupe, kabati la vyombo visivyotumika, na akasema kwa utulivu kabisa kwamba bwana akikasirika yeye ndiye anayetoka. Mume wake alikuwa amekaa pale pale akinywa chai. Akacheka, akathibitisha.

Mwanamume mahali pake ni bangwe. Kila mji unalo: uwanja wenye mabenchi ya mawe, karibu na msikiti, ambapo wanaume hukaa, hucheza bao na domino, na huamua mambo ya mji. Aliyezoea baraza za Mji Mkongwe ataona kama yuko nyumbani, mpaka atambue kwamba hapa mtu hakai anapotaka. Kuna mahali pa waliokwisha kufanya anda na mahali pa wasioifanya. Anda ni ile harusi kubwa ya mila, ambayo Mngazija huifanya mjini kwao, pengine miaka mingi baada ya kuoa na kuzaa. Mwanamume hutoa dhahabu, huchinja ng'ombe, hulisha mji mzima kwa zamu za siku na majuma. Akishamaliza huwa mtu mzima wa mji, mwenye haki ya kusema na kusikilizwa. Kabla ya hapo, hata akiwa daktari au waziri mwenye mvi, atahesabiwa miongoni mwa vijana.

Nimesikia watu wakiihukumu anda haraka, na hoja zao si za bure. Wapo wanaofanya kazi Marseille miaka 20 wakiweka akiba kwa ajili ya sherehe ya majuma mawili, na skuli ya kijiji haina madirisha. Rais Ali Soilih, aliyetawala kuanzia mapema 1976, alijaribu kuivunja mila hii kwa amri. Mei 1978 Denard alimpindua, akauawa, na anda ikarudi na nguvu zake zote. Lakini nilipokaa bangweni nikasimuliwa, niliona jambo jingine. Waliohama Ngazija ni wengi mno, na katika visiwa vingi vya dunia waliohama huondoka moja kwa moja. Huku hawajaondoka. Kila Julai na Agosti ndege hujaa, na wanaorudi, ambao wenyeji huwaita majeviens kwa maneno ya Kifaransa waliyoyazoea, hujenga, hulipa madeni ya heshima, na watoto wao waliozaliwa Ufaransa hujua bangwe lao ni lipi. Sijui mila nyingine inayoweza kumvuta mtu kutoka mbali hivyo.

Moroni mjini nilikwenda asubuhi kwa taksi ya kuchangia, abiria wakipanda na kushuka njiani, kila mmoja akimsalimia kila mwenzake kabla hajakaa. Mkubwa husalimiwa kwa "kwezi", naye huitikia "mbona". Ukilijua hilo na ukasema Kiswahili chako polepole, utaelewana na watu wengi, hasa wazee na wachuuzi. Msikiti wa zamani wa Ijumaa, unaohesabiwa kuanzia mwaka 1427, umekaa mdomoni mwa bandari, nguzo zake nyeupe zikitazama majahazi. Bandari ni ya kina kidogo. Meli kubwa hutia nanga mbali na mizigo huletwa kwa matishari. Nyuma ya msikiti vichochoro vinapanda, na mguu wangu ulijua kukata kona kabla sijafikiri, kwa kuwa ni vichochoro vya Mkunazini na Malindi, ila kwa jiwe jeusi. Kisha tofauti ikanijia taratibu. Hakuna duka la picha za Tingatinga. Hakuna mlango uliogeuzwa hoteli. Kizingitini amekaa mwanamke anasugua kijiti cha msandali juu ya jiwe la tumbawe, anatia matone ya maji, anasugua tena, na ujiujiuji wa manjano unapozidi anauchota kwa ncha ya kidole na kumpaka binti yake shavuni. Ni liwa yetu, wao huiita msindzano. Binti alikaa kimya, macho amefumba, akingoja ikauke. Walinitazama, wakaitikia salamu, wakaendelea.

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na mimi ni katika wanaoshukuru, maana bila ya hivyo nyumba nyingi zaidi zingeanguka. Lakini ni muda mrefu sijamwona mwanamke amekaa kizingitini Shangani akifanya kazi yake bila kujali nani anapita. Hapo ndipo nilipoona hasara ambayo kwetu hatuihesabu.

Kwa sisi wa Unguja, kwenda Ngazija ni kulipa ziara tunazodaiwa. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Itsandraa mwaka 1861, ndiye aliyekuja kuwa kadhi mkubwa wa Unguja. Alipotofautiana na Sultani Barghash alikwenda Istanbul, akapokewa na Sultani Abdulhamid, kisha akarudi kufundisha na kuhukumu mpaka alipofariki mwaka 1925. Twarika ya Shadhiliya ilienea pwani yetu kwa mkono wa Sayyid Muhammad al-Maaruf wa Moroni. Na kutoka kwetu taarabu ilivuka mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa twarab yao. Harakati ya ukombozi wa Komoro, MOLINACO, iliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1963. Wazee hawayasahau haya, wala hawasahau kwamba mwaka 1968, miaka kadhaa baada ya Mapinduzi, serikali ya Zanzibar iliwatangazia Wangazija kuwa si raia mpaka waombe uraia. Watu waliozaliwa Unguja, na baba zao wakazaliwa Unguja, walijikuta wanapanga foleni kuomba kuwa wa kwao. Baadhi walihama. Bangweni Itsandraa niliulizwa habari za mitaa ya Ng'ambo na watu wanaoijua kuliko mimi, na hakuna aliyeniuliza kwa kinyongo. Nilitamani mtu wa kwetu aliyesoma historia awe pale asikilize.

Na ukumbuke kwamba miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuandika habari za safari kwa Kiswahili alikuwamo Mngazija. Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani, Theodor Bumiller, mwaka 1896, wakaingia Urusi, Siberia na Asia ya Kati, na masimulizi yake yakachapishwa katika kitabu cha Carl Velten cha Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Yeye hakuwa na kampuni ya utalii wala ramani ya kujivunia. Aliingia nchi ambazo wengi hawajapata kumwona mtu wa aina yake, akatazamwa, naye akatazama. Kila kijana wa Unguja anayedhani kusafiri kwa ajili ya kuona ni desturi ya Wazungu angefaa asome kurasa zile.

Kuna kitu kimoja Moroni ambacho kingekuwa mahali pengine kingezungukwa na foleni. Katika jumba la makumbusho la taifa amehifadhiwa gombessa, samaki ambaye wanasayansi walidhani alikwisha duniani tangu zama za dinosaria, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Profesa J. L. B. Smith alitafuta wa pili kwa miaka 14. Mwaka 1952 alikutana Unguja na nahodha Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara kati ya Unguja na Komoro, na kwa njia yake matangazo yenye picha ya samaki na ahadi ya paundi 100 yakafika visiwani. Desemba mwaka huo huo mvuvi wa Ndzuwani akamtoa. Wavuvi wenyewe walikuwa wakimjua siku zote, samaki wa maji marefu anayeingia kwenye mshipi usiku, asiye na thamani sokoni. Nilisimama mbele yake peke yangu. Mapezi yake ni mazito, yamekaa juu ya vikonyo vya nyama kama vigasha vya mtoto, na magamba makubwa, makavu, yenye mabaka meupe. Nilikaa nilivyotaka, na hakuna aliyekuja nyuma yangu.

Sitaki kumficha msafiri mambo mengine. Umeme hukatika. Taka zimerundikwa kwenye baadhi ya fukwe nzuri karibu na mji. Kadi za benki zina kazi ndogo, kwa hiyo chukua yuro taslimu, na kwa kila moja utapata faranga 490 na kitu. Miji mingi haipendi mtu kuoga baharini nusu uchi, na haki yao. Zito kuliko yote ni bahari kati ya Ndzuwani na Maore. Tangu Ufaransa ilipoweka viza mwaka 1995, kwenda kumwona ndugu Maore bila viza kumekuwa kosa, na watu huvuka usiku kwa boti ndogo ziitwazo kwasakwasa. Waliozama hawahesabiki. Ukikaa Ndzuwani utakutana na nyumba iliyopoteza mtu, na haifai kuwa msafiri wa kupita tu mbele ya jambo hilo.

Kutoka Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija, boti huvuka hadi Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote na chenye mito ya maji, nashukuru. Malkia wake, Jumbe Fatima, aliyefariki mwaka 1878, aliwahi kuolewa na jamaa wa masultani wetu, kwa hiyo hata huku ukoo wa kasri ya Mtoni ulishafika. Hifadhi ya bahari ya Mwali ilianzishwa mwaka 2001, na mwaka 2020 kisiwa kiliingizwa katika hifadhi hai za UNESCO. Kijijini Itsamia ndiko wanakopanda kasa wa kijani kutaga, katika moja ya mazalia yao makubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi. Wanakijiji wana chama chao, kinachotoa kiongozi wa usiku na kupokea malipo. Kijana aliyenipeleka alinitaka nizime simu, nikae nyuma ya kasa, nisisogee mpaka aanze kutaga. Hakunipa nafasi ya kubishana. Huko Unguja, fukwe za Kiwengwa na Nungwi zilikwisha gawiwa kabla wanavijiji hawajaulizwa masharti yao ni yapi. Itsamia wageni ni wachache na masharti yapo tayari.

Boti ya kurudi Chindini huondoka asubuhi mapema, bahari ikiwa bado imetulia. Kusi likivuma, Julai na Agosti, huenda isiondoke kabisa, kwa hiyo mtu aache siku mbili za wazi kabla ya ndege yake, na awaambie wenyeji wake wa Itsandraa mapema ni siku gani atakuwa anarudi, ili wamwekee maji.